Methanoli: Sumu inayoua siku ya pili

Mke wa mlevi anaijua asubuhi ya Jumapili. Bwana alirejea usiku wa manane akiimba, akavua kiatu kimoja, akaanguka kitandani. Saa nne bado anakoroma. Saa sita mchana anaamka akishika kichwa, anatapika, anaomba maji, anarudi kulala. Mama watoto anasonya: msiba wa kujitakia hauna kilio. Watoto wanafukuzwa nje wasimpigie baba kelele.

Mara nyingi huo huwa ni uchovu wa pombe tu, na kufikia jioni mtu hupata nafuu na kuulizia supu. Lakini kuna sumu moja ambayo dalili zake huanza jinsi hiyo hiyo, na anayeachwa alale ili apoe huenda asiamke tena, au akaamka kipofu. Sumu hiyo ni methanoli. Nia yetu leo si kuwahubiria walevi. Nia ni kuwaeleza walio nyumbani, kwa sababu mara nyingi uhai wa aliyekunywa sumu hii huwa mikononi mwa mtu ambaye hakuionja hata tone.

Ni kitu gani?

Methanoli ni ndugu wa ethanoli, ambayo ndiyo pombe ya kawaida iliyomo katika bia, mvinyo na chang'aa. Ukizitia katika gilasi mbili, huwezi kuzitenganisha kwa macho. Zote hazina rangi, zote hunukia pombe, zote huwaka moto, na zote hulewesha.

Zamani methanoli ilipatikana kwa kupasha mbao moto ndani ya chombo kilichofungwa na kuukusanya mvuke wake, ndiyo sababu ikaitwa pombe ya mbao. Mwanasayansi Robert Boyle aliitenga kwa njia hiyo mwaka wa 1661. Siku hizi hutengenezwa katika viwanda vikubwa, hasa kutokana na gesi asilia, na matumizi yake ni mengi. Hutumiwa kutengenezea gundi, plastiki na rangi. Hutiwa katika baadhi ya thina za kuzimulia rangi na vanishi, na katika spiriti ya kuwashia taa za maabara. Huenda hata kabati lako la nguo, ikiwa ni la mbao za kugandishwa, limeshikanishwa kwa gundi iliyotokana na methanoli.

Kwa hivyo hiki si kitu cha kulaaniwa. Ni kama moto: jikoni huivisha chakula, juu ya paa huteketeza nyumba. Balaa huanza methanoli inapotoka kiwandani na kuingia katika kikombe. Wagemaji wenye tamaa huitia katika pombe ili iwe kali upesi, au huinunua wakidhani ni ethanoli, kwa kuwa ni rahisi kuliko pombe iliyolipiwa ushuru.

Ni vyema tufafanue jambo moja hapa. Pombe za kiasili, zikichachushwa kwa kawaida, huwa na methanoli kidogo sana, isiyotosha kuua. Maafa makubwa tuliyoyashuhudia hayakutokana na mtama wala muratina wa nyanya zetu. Yalitokana na kemikali ya pipa.

Maafa tuliyoyaona

Mnamo Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru jijini Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na mamia wakalazwa hospitalini. Baadhi ya walionusurika walitoka huko wakishikwa mkono kwa kuwa hawakuona tena. Pombe za aina hiyo ziliitwa kumi kumi, kwa sababu gilasi ilikuwa shilingi 10 tu. Mwaka wa 2005 zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo la Machakos kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka wa 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyoondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka wa 1980 na kuagiza kwamba vinywaji vyote vitengenezwe kwa viwango vinavyokubalika. Wengi walidhani mambo yangetulia. Mei 2014 watu wapatao 341 walipatwa na sumu hiyo katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu na Kitui, na 100 kati yao wakafa. Julai mwaka huo huo wengine 126 waliathirika na 26 wakafariki.

Februari 2024 zamu ilikuwa ya kijiji cha Kangai katika Kaunti ya Kirinyaga, ambako watu 17 walipoteza maisha. Uchungu wa mkasa huo ulizidi serikali ilipoeleza kwamba kinywaji hicho kilitokana na shehena iliyokuwa imenaswa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ikatolewa na kurudishwa sokoni. Sumu ilikuwa imeshakamatwa, lakini haikuhifadhiwa ipasavyo wala kuharibiwa mapema.

Si Kenya pekee iliyoonja msiba huu. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Iran, mamia ya watu walikufa kwa methanoli baada ya uvumi kuenea kwamba pombe huua virusi tumboni. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wananchi kuhusu dawa za kupaka mikononi zilizotengenezwa kwa methanoli badala ya ethanoli.

Kwa nini huua siku ya pili?

Wengi hujiuliza: itakuwaje mtu anywe Jumamosi jioni, acheke na wenzake, atembee kwa miguu yake mpaka nyumbani, kisha afe Jumapili usiku? Ikiwa ni sumu, mbona isimwangushe pale pale?

Jibu ni kwamba methanoli yenyewe haina ukali mkubwa. Sumu kali hutengenezwa na ini la mnywaji mwenyewe. Ini lina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja pombe. Vikikutana na ethanoli huigeuza hatua kwa hatua kuwa kitu cha jamii ya siki, ambacho mwili hukitumia kama chakula. Vikikutana na methanoli huigeuza kwanza kuwa fomaldehaidi, kemikali ambayo hutumiwa kuhifadhia maiti, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo imo pia katika sumu ya baadhi ya sisimizi.

Asidi hiyo ndiyo muuaji. Huzuia chembechembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni iliyoletwa na damu. Mtu anavuta pumzi vizuri, lakini ni kama anayenyongwa kutoka ndani. Mishipa inayounganisha macho na ubongo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia, ndiyo sababu mara nyingi macho hutangulia kutoa habari.

Kazi hii ya ini huenda polepole. Kwa kawaida dalili kali hutokea kati ya saa 12 na 24 baada ya kunywa. Tena, ikiwa methanoli ilichanganywa na pombe ya kawaida, ini huishughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ikingoja, kwa hivyo dalili zinaweza kuchelewa zaidi ya siku moja. Wakati huo wote mgonjwa hudhani yuko salama. Kumbe hizo saa za kimya ndizo saa nzuri zaidi za kumwokoa.

Na kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Mililita 10 tu za methanoli isiyochanganywa, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha mtu. Mililita 30, kama vijiko viwili vikubwa vya mezani, zinaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, funda moja latosha kuleta hatari.

Dalili za kuangalia

Mwanzoni mtu huonekana amelewa kidogo tu. Kisha hufuata ule muda wa kimya. Baadaye huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Hadi hapo ni vigumu kumtofautisha na mlevi mwingine yeyote.

Tofauti kubwa iko kwenye macho na pumzi. Mgonjwa husema anaona ukungu, au vimulimuli, au kila kitu cheupe kama aliyefunikwa shuka. Mwanga humuumiza. Wengine huuliza kwa nini taa zimezimwa ilhali ni mchana. Pumzi nayo hubadilika: huvuta hewa kwa nguvu na kwa haraka kama aliyetoka mbioni, ingawa amelala tu. Hali ikizidi huchanganyikiwa, hupatwa na kifafa na kupoteza fahamu.

Kwa hivyo usimwache mlevi alale siku nzima bila kumtazama. Mwamshe. Msemeshe. Mwoneshe vidole, umwambie avihesabu. Msikilize anavyopumua. Akishindwa kuamka, akikosea vidole au akihema, huo si uchovu wa pombe. Lakini usijidanganye pia kwamba kwa kuwa ameona vidole basi amepona. Ukijua alikunywa pombe usiyoiamini, au ukisikia mwenzake mmoja amezidiwa au amefariki, usingoje dalili hata moja. Mpeleke hospitalini akiwa bado anatembea.

Ufanye nini?

Kwanza, mkimbize kwenye hospitali kubwa iliyo karibu, si kwenye duka la dawa. Kila saa inayopita, asidi inaongezeka mwilini.

Pili, usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa, maji ya chumvi au mafuta. Mtu aliyelewa akitapishwa huweza kupaliwa na matapishi yakaingia mapafuni. Akiwa amezirai, mlaze kwa ubavu.

Tatu, beba chupa au mabaki ya alichokunywa, na umweleze daktari ukweli: alikunywa nini, wapi, na saa ngapi. Kuna jamaa ambao huficha kwa kuona haya au kuogopa polisi, wakasema mgonjwa ana malaria. Daktari anatafuta sumu, hatafuti mshtakiwa. Ukimficha, atapoteza saa nzima akitibu maradhi yasiyokuwepo.

Nne, na hili husahauliwa sana, watafute wote waliokunywa naye. Piga simu, tuma mtoto, pita kwa majirani. Huenda wenzake wawili bado wako katika zile saa za kimya, wanalima au wanachunga, bila kujua wanachobeba tumboni.

Huko hospitalini dawa zipo. Iko dawa ya kudunga iitwayo fomepizoli, ambayo huzuia ini lisiitengeneze asidi, ingawa ni ghali na haipatikani kwa urahisi. Mahali pake madaktari hutumia ethanoli yenyewe, kwa kipimo maalum, ili ini lishughulike nayo na kuiacha methanoli itoke bila kugeuzwa. Mgonjwa hupewa pia dawa za kupunguza asidi katika damu, na ikibidi damu husafishwa kwa mashine ile ile inayotumiwa na wagonjwa wa figo.

Kwa sababu ya habari hiyo ya ethanoli, kuna watu wanaodhani dawa ni kumwongezea mgonjwa pombe nyumbani. Tafadhali usijaribu. Huwezi kukisia kipimo, huna njia ya kujua kama chupa hiyo nayo ina methanoli, na mgonjwa anayesinzia anaweza kupaliwa akafa. Tiba hiyo ni ya daktari mwenye vipimo.

Vipimo vya uongo

Mitaani kuna mbinu nyingi za eti kutambua pombe mbaya. Wengine huiwasha moto waone rangi ya ndimi zake. Wengine huinusa, huipaka mkononi au huwaachia wazee waionje kwanza. Hakuna hata moja ya kutegemewa. Methanoli ikichanganywa na ethanoli, moto hautakuambia kitu, na mzee aliyeionja atakuwa anacheka mpaka kesho yake. Ni maabara tu inayoweza kutoa jibu. Vivyo hivyo, kuna wanaoamini kwamba spiriti ya rangi ikichujwa mpaka ikawa nyeupe, sumu imetoka. Kilichotoka ni rangi. Sumu imebaki.

Kazini na nyumbani

Si walevi pekee wanaodhurika. Maseremala wanaopaka vanishi, wapiga rangi za magari, wafanyakazi wa viwanda na maabara hukutana na methanoli kila siku. Kemikali hii hupenya ngozi, na mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi. Mtu anayefanya kazi katika kibanda kilichofungwa anaweza kuumwa kichwa na kuona ukungu bila kuwa amekunywa chochote. Kwa hivyo zingatia haya:

Fanya kazi mahali penye hewa. Fungua milango na madirisha, au toa kazi nje. Kitambaa au barakoa ya kawaida usoni haizuii mvuke. Vaa glavu nzito za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya kemikali, kwani zile nyembamba za hospitali hupenywa upesi. Ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa na uoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Ikikuingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umwone daktari.

Usiinyonye kwa mpira wa bomba kutoka katika pipa, kama mafundi wengi wafanyavyo na petroli. Funda moja likikuponyoka kooni, umekwisha kunywa kipimo cha hatari. Tumia pampu ya mkono.

Iweke mbali na jiko, sigara na cheche za kuchomelea vyuma. Methanoli hushika moto upesi, na mbaya zaidi, mchana wa jua ndimi zake karibu hazionekani. Mtu hutia mkono akidhani hakuna kitu, kumbe panawaka. Weka mchanga au kizimamoto cha unga karibu.

Usiitie kamwe katika chupa ya soda, ya maji wala ya dawa ya kikohozi. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Anaijua chupa. Iache katika chombo chake cha asili chenye alama ya hatari, juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Mwanagenzi akija karakanani mwambie siku ya kwanza kabisa kuna nini ndani ya kila chombo, wala usimwachie ajifunze kwa kunusa.

Mapipa na mitungi mitupu nayo isiuzwe kwa watu wa kutekea maji au kugemea pombe. Mama anayenunua pipa la bei rahisi sokoni ili akinge maji ya mvua hana njia ya kujua lilibeba nini. Toboa chombo hicho kisitumike tena, au kirudishe kwa aliyekuuzia kemikali. Kabla ya kukitoboa kisuuze vizuri kwa maji, wala usitumie moto, kwani mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka.

Wenye maduka ya kemikali wana wajibu wao pia. Mnunuzi asiye na karakana wala kiwanda, anayetaka mitungi kadhaa na kulipa kwa pesa taslimu bila kueleza kazi yake, anastahili kuulizwa maswali. Biashara ya siku moja haifai kugeuka kuwa mazishi ya kijiji.

Mwisho, neno kwa wazazi na wake. Kuna hasira ambayo humjaa mtu aliyekaa na mlevi miaka mingi, na hatuwezi kumlaumu kwa hiyo hasira. Karo imekunywewa, mboga imekunywewa, na leo yeye ndiye anayeombwa amwangalie aliyeyafanya hayo. Lakini hasira ina siku nyingi za kusemwa, nayo methanoli ina saa chache. Mwamshe kwanza, mhesabishe vidole, msikilize pumzi. Ukiona shaka, tafuta gari. Ugomvi mtaumaliza akiwa mzima, tena akikutazama usoni.

Jumapili ijayo: kostiki soda ya kutengenezea sabuni, na jinsi vyama vya kina mama vinavyoweza kuitumia bila kuchoma mikono wala koo za watoto.